Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maadili ya Utafiti wa Tiba

YAH: Jinsi ridhaa ya mgonjwa inavyochukuliwa wodini

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Tunakuandikia sisi wauguzi na wasaidizi wa utafiti ambao kazi yetu ni kukaa na mgonjwa na kumweleza utafiti kabla hajaamua. Kamati yako huipitia fomu ya ridhaa neno kwa neno kabla ya kuigonga muhuri, na tunaishukuru. Lakini ikishatoka mezani kwenu, hakuna anayekuja kuona inavyosomwa. Tunaomba ukaguzi wenu ufike hadi kitandani.

Mgonjwa mwenye homa anapoletewa fomu na daktari yuleyule anayemtibu, atakataaje? Anahofia tiba yake itacheleweshwa, hata kama ukurasa wa 9 wa fomu unasema vingine. Azimio la Helsinki la mwaka 1964, yaani mwongozo wa maadili ya utafiti wa Chama cha Madaktari Duniani, pamoja na marekebisho yake, linaelekeza kwamba mgonjwa anayemtegemea daktari aombwe ridhaa na mtu mwingine mwenye ujuzi, aliye nje ya uhusiano huo. Lifanyeni sharti la kibali.

Kosa linalotuumiza zaidi ni swali la "Umeelewa?" Wengi hujibu ndiyo, kwa heshima au kwa aibu. Afadhali aambiwe: "Hebu nieleze, ukifika nyumbani utawaambia nini kuhusu utafiti huu?" Hapo ndipo pengo linapoonekana. Linalowachanganya wengi ni upangaji wa makundi kwa bahati nasibu: mgonjwa anaamini daktari amemchagulia dawa inayomfaa, kumbe kundi lake limepangwa na kompyuta na huenda anameza kidonge kisicho na dawa ndani. Asiyelijua hilo hajaridhia, sahihi yake iwe nzuri namna gani. Mgonjwa aeleze pia lipi atafanyiwa ambalo si tiba ya kawaida, hatari zake ni zipi, akijitoa itakuwaje, na akidhurika ampigie nani simu. Akikosea, kipengele hicho kirudiwe kwa maneno mengine. Akikosea tena, asiandikishwe siku hiyo. Tunajua watafiti wana idadi ya kufikisha na muda unawabana, ila mzigo huo haumhusu mgonjwa.

Kwa asiyejua kusoma, shahidi asiye na upande anatakiwa awepo tangu neno la kwanza. Mara nyingi huitwa mwishoni, mgonjwa akiwa ameshaweka dole gumba, naye huwa ni mwajiriwa wa utafiti huohuo. Dawa yake ni rahisi: fomu iwe na nafasi ya kuandika saa mazungumzo yalipoanza, saa shahidi alipoingia na saa ya kusaini. Fomu ya kurasa 15 iliyoanza kusomwa saa 4:10 na kusainiwa saa 4:16 haikusomwa.

Sampuli nazo zina shida yake. Sahihi moja huchukuliwa kuwa imeruhusu kila kitu: kupima damu leo, kuhifadhi iliyobaki, kuisafirisha nje ya nchi na kuchunguza vinasaba. Mwaka 1951 seli za uvimbe wa Henrietta Lacks, mgonjwa wa saratani, zilichukuliwa Marekani bila yeye kuulizwa, zikaenea maabara za dunia nzima. Kila matumizi yawe na kisanduku chake cha ndiyo na hapana, na anayesema hapana kwenye kuhifadhi asizuiwe kushiriki utafiti wenyewe.

Ridhaa pia huchakaa. Huko Tuskegee, Alabama, nchini Marekani, wanaume weusi wapatao 600 walifuatiliwa katika utafiti wa kaswende tangu 1932 hadi 1972, 399 kati yao wakiwa na ugonjwa huo. Hawakuelezwa ukweli wa ugonjwa wao, wala hawakupewa penisilini ilipokuwa tiba iliyokubalika. Kwa hiyo likijitokeza dhara jipya au tiba bora, washiriki wote waitwe waelezwe upya, kwa fomu yenye namba ya toleo jipya na tarehe. Fomu za zamani ziondolewe siku hiyohiyo, kwani zikibaki kwenye droo mtu atazitumia tu.

Tunaomba mtume mjumbe mmoja, bila taarifa ya awali kwa mtafiti, akae asikilize ridhaa ikichukuliwa pale mgonjwa anapokubali awepo, kisha alinganishe alichosikia na itifaki, yaani mpango wa utafiti, mliyoipitisha. Mkifanya hivyo kwa kila utafiti angalau mara moja katika mwezi wa kwanza wa kuandikisha, makosa haya yataonekana kabla wagonjwa wengi hawajaingizwa.

Wako katika kazi,
Wauguzi na wasaidizi wa utafiti