Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: pandeni mlimani mtuulize

Ndugu Mkurugenzi wa Halmashauri yetu ya Jiji la Mwanza,

YAH: KUPIMA KURIDHIKA KWA WAKAZI NA HUDUMA ZA HALMASHAURI

Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili si langu peke yangu. Mara kwa mara tunasikia kwenye hotuba kwamba wananchi wameridhika na huduma. Sina haja ya kubishana na kauli hiyo. Naomba tu kujua aliyeulizwa ni nani.

Kama ni wale waliojaza fomu kwenye kaunta, basi wameulizwa watu ambao tayari wamefika kaunta: mwenye kufuatilia leseni ya biashara, mwenye kibali cha ujenzi, mwenye nauli na nafasi ya kushuka mjini siku ya kazi. Mama anayeanika dagaa tangu alfajiri hafiki hapo. Kijana wa guta hafiki. Nasi tunaoishi juu ya miamba, iwe Mabatini, Igogo au Isamilo, tunafika pale tu tunapoitwa kulipa.

Chukua suala la taka, maana hilo kila nyumba ina la kusema. Gari haliwezi kupanda huku, linasimama chini barabarani. Aliye karibu na lami anatoa kiroba chake mlangoni, kazi imekwisha. Wa juu anakibeba kichwani akishuka kwa kushikilia mawe, au anampa kijana fedha kidogo akakitupe, na hakuna anayefuatilia kimeishia wapi. Bibi asiye na wa kumtuma anazilimbikiza nyuma ya nyumba. Ada ya taka tunalipa sote. Kisha masika yanaingia na vile viroba vinashuka vyenyewe: kwenye mianya ya mawe, kwenye mfereji, kwenye Mto Mirongo, na Mirongo unamwaga ziwani. Katika ziwa hilohilo, pale Capri Point, yanavutwa maji tunayokunywa. Kwa hiyo yule wa karibu na lami aliyejibu kwamba ameridhika, taka zetu za mlimani zinamhusu pia.

Wala mlima haujashindikana. Mabomba madogo ya majitaka yalipandishwa katika baadhi ya vilima vya jiji hili, yakapenyezwa kati ya nyumba na nyumba mahali ambapo hata toroli halipiti. Ikiwa bomba limepanda, vijana wa mtaa wenye malipo ya uhakika wanaweza kushusha taka hadi kwenye kontena kwa siku zinazojulikana. Nasema malipo ya uhakika kwa sababu kazi hiyo ni nzito na haistahili kufanywa kwa kuonewa huruma.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani ofisini halionekani. Mtu akigongewa mlango na mgeni mwenye kitambulisho shingoni, akaulizwa kama huduma ni nzuri, atasema ni nzuri. Atasema hivyo hata kama jana alirudi kutoka zahanati akiwa na cheti cha dawa mkononi bila dawa. Ni heshima kwa mgeni, lakini ni woga pia, hasa kama anayeuliza leo ndiye aliyekuja wiki iliyopita kudai ushuru. Tafadhali, kazi ya kuuliza isifanywe na wakusanya mapato.

Mwanza si wageni wa kuulizwa vizuri. Mwaka 2003, na tena 2006, taasisi ya utafiti ya REPOA iliwahoji wananchi 1,260 katika halmashauri sita za nchi hii, na Jiji la Mwanza lilikuwa mojawapo. Thamani ya kazi ile, kwa maoni yangu, ni kwamba walirudi kuuliza tena, ikawezekana kuona kilichopanda na kilichoshuka. Dodoso la mara moja haliwezi kuonyesha hilo.

Mkituuliza, tutenganishieni mambo. Huku mtaani kila kero inaitwa ya halmashauri: maji yakikatika, umeme ukizimika, barabara ikichimbika. Barabara za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, tangu 2017, na maji yana mamlaka yake. Si haki mlaumiwe kwa yasiyo yenu, na si haki nanyi mjifiche nyuma ya hayo. Yaliyo yenu yanatosha: taka, masoko, zahanati, shule za msingi, na ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwenye mikopo, msiwaulize waliopata peke yao. Waulizeni waliokosa kama waliwahi kuelezwa sababu.

Ya mema nitayasema pia bila kusitasita. Kliniki ya mama na mtoto tunayokwenda, wauguzi wake wanafanya kazi kwa moyo, na watoto wetu wanachanjwa. Mkiuliza hilo mtapata alama za juu, nami nitakuwa wa kwanza kuzitoa.

Ibara ya 146 ya Katiba inaeleza kwamba serikali za mitaa zipo ili madaraka yafike kwa wananchi. Naomba yafike kwa njia hii: kabla ya bajeti ijayo, watu wasiokusanya ushuru wapite mtaa kwa mtaa, mlimani na mialoni, jioni watu wakiwa wamerudi. Matokeo ya kila mtaa yabandikwe ofisi ya mtendaji, kwa Kiswahili cha kawaida, mazuri na mabaya. Kisha wewe mwenyewe au mkuu wa idara husika aje kwenye mkutano wa mtaa kueleza kipi kitafanyika mwaka huu, kipi hakitafanyika, na kwa nini.

Tutangazieni tarehe mapema kupitia mwenyekiti wa mtaa, ili hata wanaokwenda ziwani usiku wapange kuwepo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa mlimani, Mwanza