Barua ya Wazi kwa Waziri wa TAMISEMI: Mzazi Atajuaje Mtoto Wake Ana Nafasi Darasa la Awali?

Kwa:
Waziri wa Nchi,
Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa,
Dodoma.

Mheshimiwa Waziri,

YAH: KUWAFIKISHIA WAZAZI TAARIFA ZA MADARASA YA AWALI YASIYO NA ADA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakuandikia nikiwa mama wa watoto watatu waliopitia madarasa ya awali ya shule za Serikali, na nimechagua kuandika hadharani kwa sababu jambo ninalolileta si la nyumba yangu peke yake. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada katika shule za umma kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne, na tangu Januari 2016 hakuna mzazi anayepaswa kulipia ada ya mtoto wake wa miaka 5 katika shule ya Serikali. Hilo nalishukuru kwa dhati. Kinachonisikitisha ni kwamba baada ya miaka yote hii mzazi bado anaitafuta nafasi hiyo kwa kuulizauliza njiani, na asiyebahatika kukutana na mtu anayejua, mtoto wake hubaki nyumbani.

Januari ya mwaka juzi jirani yangu, mama anayeuza chapati na maharage asubuhi, alinijia na binti yake wa miaka 5 akiwa amekwisha kumvalisha sare ya kuazima. Swali lake lilikuwa moja: "Dada, awali wanaandikisha wapi?" Nikaongozana naye. Katika shule ya kwanza tulielezwa kwamba uandikishaji ulifungwa Desemba na darasa limejaa, hivyo turudi mwaka unaofuata. Hakuna aliyetuambia ni shule gani ya jirani yenye nafasi. Katika shule ya pili walitaka cheti cha kuzaliwa, naye mama alikuwa na kadi ya kliniki tu, yenye tarehe ya kuzaliwa, uzito uliopimwa mwezi hadi mwezi, na chanjo zote hadi ile ya surua ya miezi 18. Mwalimu aliitazama kadi ile, akaikunja, akamrudishia. Katika shule ya tatu tulikuta karatasi imebandikwa langoni, imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito na kunyeshewa hadi mistari ya chini ikachuruzika, lakini ya juu ilisomeka vizuri: fagio la chelewa, ndoo yenye mfuniko, rimu moja ya karatasi, fedha ya mlinzi. Yule mama aliisoma mara mbili, akamshika binti yake mkono, tukarudi.

Mtoto yule alipelekwa kwenye kituo cha kulelea watoto cha kulipia, sebuleni kwa mtu, hadi fedha ilipokata mwezi wa nne. Miezi iliyobaki alishinda kando ya jiko la mama yake. Alipoanza darasa la kwanza aliketi na watoto waliokwisha kuzoea kengele, foleni ya uji na sauti ya mwalimu, ilhali yeye alikuwa bado anaishika penseli kwa kiganja kizima. Nilimwona mwenyewe siku nilipokwenda kumchukua mwanangu: ameinamia daftari, anahangaika kuizungusha herufi "a", na mwenzake wa pembeni ameshamaliza mstari.

Mheshimiwa Waziri, naomba habari hii isisomwe kama mashtaka dhidi ya walimu wale. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali, na yeyote aliyewahi kuchungulia dirishani katika darasa la awali la mjini anajua mwalimu yule anahangaika na wangapi. Hana muda wa kuwa afisa habari wa kata nzima. Lakini mzazi naye hana pa kwenda. Tangazo la uandikishaji hutolewa miezi ya mwisho ya mwaka, mara nyingi kupitia redio au mkutano wa mtaa, saa ambazo mama wa chapati yuko kwenye jiko lake na kibarua yuko kazini. Akilikosa, hakuna ubao, namba ya simu wala mtu aliyekabidhiwa kazi ya kumweleza kwamba kila shule ya msingi ya Serikali ilielekezwa kuwa na darasa la awali, kwamba jukumu lake ni sare, madaftari na mahitaji ya namna hiyo kama Waraka Na. 3 wa mwaka 2016 ulivyofafanua, na kwamba karatasi ya langoni si sharti la kumpokea mtoto. Rais John Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima shuleni mnamo Januari 2018, nchi nzima ikasikia. Hata hivyo mzazi anayesimama peke yake mbele ya lango na orodha mkononi hana namna ya kubishana nayo.

Limo jambo moja ambalo nimelifikiria kwa muda mrefu, na ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Serikali yetu humjua mtoto mapema sana. Humpima, humchanja, humwandikia kadi, na muuguzi humwita mama kwa jina. Kisha, baada ya ile chanjo ya miezi 18, mahudhurio ya kliniki hupungua, na kuanzia hapo mtoto huyo huyo hatajwi popote katika daftari la umma hadi siku atakapofikishwa shuleni, kama atafikishwa. Miaka ambayo angehitaji kuelekezwa awali ndiyo hiyo ambayo hakuna ofisi inayomtazama. Kliniki ina jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa na mahali anapoishi. Shule iliyo umbali wa dakika 10 kwa miguu haina habari kwamba yupo.

Kwa hiyo naomba kadi ya kliniki ifanywe daraja. Muuguzi aandike juu yake, kwa mkono, jina la shule ya Serikali iliyo karibu na mwaka ambao mtoto atapaswa kuandikishwa, na kila ifikapo Septemba orodha ya watoto wanaotimiza miaka 5 mwaka unaofuata ipelekwe kwa Afisa Elimu Kata na kwa watendaji wa mitaa na vijiji, ili mjumbe apite nyumba kwa nyumba akijua anamtafuta nani. Wajumbe hupita kwa mambo mengine mengi, hili halitawashinda. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, imejengwa juu ya wazo hili hili la afya, lishe, ulinzi na elimu kufanya kazi pamoja, kwa hiyo siombi jambo geni katika mipango ya Serikali.

Vilevile naomba ofisi ya kila mtaa na kila kijiji ibandike ubaoni orodha ya madarasa ya awali yaliyo katika kata, pamoja na shule shikizi (zile ndogo zilizo chini ya shule mama, kwa watoto wanaoishi mbali nayo), ikionyesha nafasi zilizobaki na kinachohitajika kwa mzazi kwa lugha ya kueleweka. Na kwa wenye simu za kitochi, kuwe na namba fupi ya bure ambayo mzazi ataibonyeza na kupata jibu bila salio. Kadi ya kliniki ikubaliwe kuwa uthibitisho wa umri wakati wa kuandikisha, na mzazi aelekezwe palepale namna ya kupata cheti, kwa maana mpango wa RITA, wakala wa Serikali unaosajili vizazi, wa kuwasajili watoto chini ya miaka 5 bila malipo, ulioanzia Mbeya mwaka 2013, upo lakini jirani yangu hakuwahi kuusikia. Na mwalimu mkuu ambaye darasa lake limejaa asimwambie mzazi arudi mwakani. Amwandikie shule nyingine yenye nafasi, na nakala ibaki kwa Afisa Elimu Kata.

Najua litakalosemwa: tukitangaza hivyo, watoto watafurika na madarasa hayapo. Hofu hiyo ina msingi. Lakini mtoto aliyekaa jikoni hahesabiki katika upungufu wowote, na darasa haliwezi kujengwa kwa ajili ya mtoto ambaye takwimu hazimwoni. Fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19 zilipoelekezwa kwenye madarasa, 3,000 yalikuwa ya shule shikizi, kwa sababu mahitaji ya vijiji vile yalikuwa yamejulikana. Mahitaji ya awali nayo yajulikane kwa namna hiyo, hata kama mwaka wa kwanza yatatutia aibu.

Wapo pia watoto wenye ulemavu, ambao wazazi wao mara nyingi hawaji hata kuuliza, wakiamini jibu wanalijua. Hao naomba mjumbe aanze nao.

Jirani yangu ana mtoto mwingine, wa kiume, aliyetimiza miaka 4 mwezi uliopita. Kadi yake ya kliniki iko ndani ya mfuko wa nailoni, juu ya kabati. Nitaomba kuiona tena Septemba.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mzazi

Nakala:
Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia
Waziri wa Afya
Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum