Saa Yako Inatikisika Mkononi? Sikiliza Kwanza

Karibu kila mwezi mtu huingia dukani kwetu hapa Malindi, akavua saa na kuniwekea sikioni. "Fundi, kuna kitu kimelegea humu." Nikiona vile visaa vidogo vitatu vimekaa kwenye kumi na mbili, tisa na sita, mara nyingi najua jibu kabla ya kufungua: ni Valjoux 7750, mashine ya Uswisi iliyobuniwa na Edmond Capt miaka ya 1970, na kampuni nyingi huitia ndani ya saa zao. Kile kipande kizito kinachozunguka ndani hutia ufunguo kikienda upande mmoja tu. Kikirudi upande wa pili hakina mzigo, kinakimbia, nawe unahisi mtikisiko. Huo si ugonjwa.

Ugonjwa ni huu: saa uliyoivaa mchana kutwa inasimama usiku. Ikiwa imejaa yapaswa kwenda zaidi ya saa 40. Au mshale wa kupimia sekunde haurudi kwenye sifuri ukibonyeza kitufe chake. Hapo mafuta yamekauka, au chumvi imeingia.

Chumvi ndiyo adui wetu huku pwani. Usibonyeze vitufe ukiwa majini. Mpira wa kuzuia maji kwenye vitufe ukishachoka, hapo ndipo maji hupenya. Yakiingia, ilete siku hiyohiyo. Usiizike kwenye mchele: hata mchele ukinyonya maji, chumvi itabaki ndani, na wenyewe ni wa pilau. Mafuta ya cherehani pia hapana, tumeshasafisha sana uchafu wake.

Sisi huifungua yote, tukaosha kila kipande, kisha mafuta mazito yakaenda kwenye vyuma vinavyojongea polepole na mepesi kwenye vinavyokimbia, kwa kuwa mashine hii hupiga mara 28,800 kwa saa. Tunaipima kipima sekunde kikiwa kimezimwa, kisha kikiwa kinakwenda, maana kikiwaka hula nguvu. Ndiyo sababu bei yake si ya saa ya kawaida.

Tarehe nayo huvunja meno mengi ya magurudumu ya ndani. Usiibadilishe kwa mkono kati ya saa mbili na saa nane usiku, mashine inapojiandaa kuigeuza. Na wewe uliyeiseti kwa majira ya Kiswahili, usiangalie giza: peleka mshale mfupi kwenye sita ya uso wa saa, ndipo uzungushe tarehe.