Opareta, acha majina yapite

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako aliyewafananisha watu wanaobaki vitini baada ya filamu kuisha, wakisoma majina ya walioitengeneza, na wageni wa harusi wanaosubiri kufungiwa pilau. Nimecheka, maana mfano umekaa vizuri. Ila na mimi ni mmoja wa hao wasubiri pilau, na nina kisa changu.

Mwezi uliopita mjukuu wetu alitupeleka mimi na bibi yake kutazama filamu ya Kizungu katika ukumbi mmoja wa hapa Dar es Salaam. Filamu yenyewe ya kawaida tu: mtu anamtafuta ndugu yake Afrika, anampata. Ila katikati, ndani ya baa, redio ya kaunta ikapiga dansi la zamani, gitaa la solo likilia peke yake kabla waimbaji hawajaingia. Mke wangu akanigusa kiwiko: "Mzee, NUTA hao." NUTA Jazz wapi! Nikamwambia bendi hiyo ni Morogoro Jazz, sikiliza gitaa hilo. Tukanong'onezana mpaka mtu wa kiti cha nyuma akatufyonya. Mjukuu ndiye aliyetuamua: "Babu, subirini mwisho, nyimbo zote zinaandikwa."

Tukasubiri. Wakapita waigizaji, wakaja watu wa kamera, wa taa, wa nguo, madereva, wapishi. Nyimbo huwa nyuma kabisa, karibu na nembo za makampuni na maandishi ya hakimiliki. Wakati huo taa zote za ukumbi zilikuwa zimeshawashwa, na kijana mwenye ufagio na mfuko mweusi anaokota makopo ya bisi safu kwa safu. Alipofika kwetu akasimama. Hakusema neno, alitazama miguu yetu tu. Tukainua miguu, akafagia chini yake, akasema "samahani wazee", akaendelea. Niliporudisha macho kwenye skrini, mstari wa kwanza wa nyimbo ulikuwa ndiyo kwanza unachungulia kwa chini. Skrini ikazimwa.

Yule kijana simlaumu, ana ukumbi mzima wa kusafisha na watu wa filamu inayofuata wako mlangoni. Hata aliyezima siwezi kumlaumu sana, kwa sababu kazi ya kuzima nimeifanya mimi mwenyewe.

Nilianza uopareta, yaani kuendesha projekta za sinema, mwaka 1974, katika ukumbi mmoja wa katikati ya jiji ambao siutaji. Kile kilikuwa chumba cha joto: projekta mbili, ndani yake vijiti vya makaa vya kutoa mwanga vinawaka kama vya kuchomelea vyuma, na wewe jicho lako halibanduki kwenye kona ya juu kulia ya picha, unavizia kidoa cha duara kinachokuambia rili hii ya mkanda inaisha, washa projekta ya pili. Ukisinzia, skrini inabaki nyeupe na ukumbi mzima unakutukana mama yako.

Siku hizo majina hayakuwa na ugomvi na mtu. Filamu za Kihindi zilikuwa zinayamaliza mwanzoni, na wapenzi wa Lata Mangeshkar na Mohammed Rafi walikuwa wameshakaa vitini kusoma nani kaimba. Za kung fu ndiyo usiseme. Stelingi akimwangusha adui wa mwisho, nusu ya watu wako mlangoni kabla vumbi halijatulia. Za Kimarekani ndizo zilizoanza kurefusha mkia. Mwaka 1977 George Lucas alitoa Star Wars akiwa ameyasukuma karibu majina yote mwishoni ili hadithi ianze mara moja. Filamu iliyofuata, ya mwaka 1980, chama cha waongozaji kikamtoza faini kwa sababu jina la mwongozaji halikutangulia. Akalipa, akajitoa chamani. Wenzake wakaona mtindo unafaa, leo ndiyo kawaida.

Sisi huku juu tulichojua ni kwamba onyesho la saa tatu usiku likichelewa, basi la mwisho la UDA limekwenda na unatembea mpaka Temeke. Basi majina yakianza tu kupanda, mimi nafunga mwanga, navuta pazia, mkanda unamalizikia gizani. Mkanda wa milimita 35 hupita picha 24 kwa sekunde, sawa na mita 27 na ushei kwa dakika. Nikiweka dakika tatu kwa usiku, ni mita 80. Kwa mwaka mmoja niliwazibia watazamaji majina ya urefu wa kutoka Posta mpaka karibu na Tegeta. Hakuna hata mtu mmoja aliyekuja kulalamika, na ndiyo maana nilidhani hayana mwenyewe.

Nakubali siku hizi orodha ya majina ni ndefu. Filamu yenye picha za kompyuta inaweza kuwa na mamia ya watu ambao hawakukanyaga mahali ilipopigwa, na kila mmoja yumo. Mwenye haraka aende zake, mwenye kibofu kama changu aende haraka zaidi. Vijana wao hukaa kwa sababu nyingine. Tangu Iron Man ya mwaka 2008 wamezoeshwa kusubiri kipande cha siri mwishoni. Mwaka 2019 mjukuu wangu alikaa mpaka tone la mwisho la Avengers: Endgame na hakukuwa na kipande chochote, ila mlio wa nyundo ikigonga chuma. Alirudi nyumbani amenuna.

Ninachokataa ni mwenye ukumbi kuniamulia. Na kwake si kazi kubwa, asitudanganye. Hakuna tena rili wala makaa, filamu ni faili, na taa za ukumbi huwashwa na amri iliyopangwa ndani ya kompyuta pamoja na filamu yenyewe. Mtu kaiweka amri hiyo pale majina yanapoanza. Aisogeze. Zile taa ndogo za ngazi zinatosha kwa wanaotoka, taa kubwa zingoje mpaka skrini iwe nyeusi yenyewe. Ratiba iongezwe hizo dakika saba au nane. Mbona dakika 20 za matangazo ya soda na simu kabla ya filamu huwa zinapatikana?

Halafu kuna jambo lililonikosesha usingizi. Wimbo ule, uwe wa Morogoro au wa NUTA, una wenyewe. Wengi wa wapigaji wa bendi zile wameshatutoka. Mbaraka Mwinshehe, yule wa gitaa la Morogoro Jazz, alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa mwaka 1979, na wengine wamekufa kimyakimya nyumbani kwao. Mtoto wa mpiga gitaa, mwenye duka la nafaka Kilosa, atajuaje kwamba kazi ya baba yake imechezwa kwenye filamu ya Ulaya? Hata akitaka kwenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kuuliza, ataanza na nini mkononi? Ataanza na ule mstari mmoja: jina la wimbo, la mtunzi, la bendi na la aliyetoa ruhusa. Mstari wenyewe unapita kwa sekunde chache, na sekunde hizo ndizo tunazomzimia. Mjukuu ananiambia yote yamo kwenye intaneti. Ametafuta siku tatu, kapata orodha ya waigizaji na picha ya mbwa wa stelingi.

Jumamosi tunarudi, onyesho la saa kumi, tiketi tumeshanunua tena. Mke wangu amesema atakwenda mapema kuzungumza na yule kijana wa ufagio, amwombe aanzie safu za mbele. Mimi nitapanda kumtafuta opareta, kama bado wanaye.

Opareta mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam