Barua kwa mwanangu: hilo la chikanda

Mwanangu Tumaini,

Salamu toka Matamba. Sisi wazima, ila baridi imetushika hadi mama yako haondoki mekoni. Hela uliyotuma imefika, tumenunua mbegu ya viazi.

Sasa hilo la chikanda, vile viazi vya okidi, ua la porini, wanavyokula Wazambia. Unasema jamaa yako wa Tunduma ananunua kwa debe, nikutafutie vijana wa kuchimba. Sikukuambia kamwe: kabla hujazaliwa, nilichimba mimi.

Tulikuwa tunapanda mlimani kule Kitulo mvua zikishakolea, ua limefunguka, maana bila ua huioni okidi kwenye yale majani. Chini ya mche mna viazi viwili, samahani kwa mfano, kama makende ya mbuzi. Kimoja kimesinyaa, hicho ndicho kimelisha ua la mwaka huu. Cha pili kigumu, kimejaa: ua la mwakani. Mnunuzi anataka hicho kigumu. Tulikitia guniani, kile kizee tukakifukia, tukijidanganya kwamba kitaota. Kinaoza tu. Mbegu nazo ni vumbi, hazina akiba ya chakula ndani. Hazioti mpaka zikutane na kuvu wa kuzilisha udongoni. Ndiyo maana hujaona mtu ana shamba la chikanda.

Sikatai, ni tamu. Wazambia wanaitwanga, wanaipika na karanga mpaka igande, wanakata vipande kama nyama. Nilikula Nakonde, ng'ambo ya mpaka, nikaongeza.

Kitulo ikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, kilomita za mraba 400 na ushee, na kilichoileta si tembo wala simba, ni maua: okidi za ardhini peke yake aina 45. Wapo walionuna, nami nilikuwemo. Wazee waliopaita Bustani ya Mungu walinyamaza tu. Leo kijana akikutwa na jembe na gunia mle ndani, anayelala mahabusu ni mtoto wa jirani yangu, siyo jamaa yako wa Tunduma.

Kwa hiyo mjibu hapana. Ukipata likizo Februari, njoo tupande Kitulo wote, kutazama tu. Nitakuonyesha kibonde tulichokimaliza mimi na wenzangu watatu, msimu mmoja. Kando yake maua yametanda, njano, zambarau, meupe. Pale kati ni majani matupu.

Mama yako anasema ulete sweta nzito, siyo ile ya Dar.

Baba yako