Ile klipu sijaifungua

Zuhura rafiki yangu,

Habari za siku, natumai mko wazima. Ile klipu ya shambulio la magaidi uliyonitumia jana usiku sijaifungua na naomba usinune, najua hukutuma kwa ubaya, ila imenikosesha usingizi nikaona bora nikuandikie kuliko tubishane kwa simu.

Ulisema watu wana haki ya kujua. Hapo tuko pamoja. Lakini rafiki yangu, gaidi naye anaangalia tivii. Mwaka 1972 kwenye Olimpiki ya Munich, Ujerumani, walipotekwa Waisraeli wa timu yao, polisi walivaa nguo za michezo wakapanda juu ya paa na bunduki ili wawavamie watekaji, kumbe kamera zinawarusha laivu na wale jamaa wana tivii mle mle ndani, wanawaona polisi wananyatia juu ya vichwa vyao. Ikabidi waache. Mwishowe Waisraeli 11 waliuawa, na sisemi tivii ndiyo iliyowaua maana polisi nao walikosea mengi, ila lile paa halinitoki kichwani.

Shambulio la Mumbai, India, 2008 hivyo hivyo, waliowatuma magaidi walikuwa Pakistani wanafuatilia tivii huku wanawaelekeza wauaji kwa simu. Halafu Paris, Januari 2015, ile supamaketi ya Wayahudi iliyovamiwa na gaidi. Watu wamejificha chini kwenye chumba cha baridi, mmoja ana mtoto mchanga, na kituo kimoja cha tivii kikatangaza kwamba kuna mtu kajificha humo, wakati muuaji bado yuko juu na silaha zake! Hebu jiweke wewe mle ndani, umemkumbatia mtoto unaomba asilie, na huko nje mtu anataja ulipo ili awe wa kwanza kutoa habari. Walionusurika walienda kushtaki na mimi nawaunga mkono.

Ila sitaki kukudanganya kwamba dawa ni kunyamaza, watu wasipoambiwa kitu uvumi ndio unashika hatamu. Na kuna siku gazeti limesaidia kweli. Marekani yule Ted Kaczynski alituma mabomu kwa miaka 17, akaua watu 3, hakuna anayemjua, mpaka 1995 gazeti la Washington Post walipochapa maandishi yake marefu na mdogo wake akatambua, haya maneno ni ya kaka yangu, 1996 akakamatwa. Lakini angalia, wale wa gazeti walikaa kwanza na FBI, wapelelezi wa serikali, wakapima, hawakukurupuka.

Sasa turudi kwenye klipu. Christchurch, New Zealand, 2019, mtu aliua Waislamu 51 kwenye misikiti miwili huku anajirekodi na kurusha laivu, yaani alitaka watazamaji, hiyo ilikuwa sehemu ya mpango wake. Facebook walisema ndani ya saa 24 za kwanza wameondoa vidio milioni 1.5. Zuhura, yeye alirusha mara moja tu. Zilizobaki ni watu wakitumiana, wengine kwa huzuni kabisa, wengine kwa kushangaa, kama sisi. Jacinda Ardern, aliyekuwa waziri mkuu wao wakati huo, alikataa hata kulitaja jina la muuaji na nilimpenda sana kwa hilo.

Basi naomba uifute, na kule kwenye grupu pia kama bado inafutika. Mmoja wa walio kwenye grupu anaweza kuwa anamtafuta ndugu yake sasa hivi na simu haipokelewi. Nikitoka kazini kesho nitakupigia.

Wako,
Neema