Kwako mdogo wangu, uliyeshuka garini

Mdogo wangu,

Habari za harusi yako nimezipata kwa shangazi. Sikulaumu. Haya, nakulaumu kidogo.

Tangu safari ya Titus Canyon, lile korongo la jangwani huku Marekani, hatujasemezana. Na ulianza safari ile kwa kicheko! Tumetoka mji wa Beatty, lami tumeiacha, ukaona kibao cha njia ya upande mmoja: "Dada, hapa ukikosea ndiyo basi." Kilomita 43 hivi za changarawe. Kule Red Pass, mita 1,600 juu ya bahari, mlima mwekundu kama tofali, ulishikilia dashibodi kila nilipokata kona. Nikakwambia usitazame chini. Ukatazama.

Halafu Leadfield. Vibanda vya mabati, mashimo ya mgodi, na mimi najifanya mwongoza watalii: mji wa 1926, watu walirubuniwa kwa matangazo ya madini ya risasi, posta ikafunguliwa Agosti, Januari ikafungwa. Ukanipa mgongo ukasema, "Hawa walau walikuwa na posta. Wewe una simu, na baba tumemzika hujapiga."

Nilipiga. Siku ya tatu, lakini nilipiga.

Nilitaka barua hii iwe ya kukuusia mambo ya ndoa. Basi sikia: mwenzio akinyamaza, muulize kwanza kabla hujamhukumu. Mimi hukuniuliza. Makaratasi yangu yalikuwa bado yanashughulikiwa; ningetoka Marekani nisingeruhusiwa kurudi, na ada yako ya chuo ingetoka wapi? Ona, nimeanza tena.

Kwenye wembamba wa korongo ukafungua mlango gari likitambaa, ukashuka. Kuta zile zilikuwa ndizo nilizokuletea uzione: mawe ya chokaa meusi, yamevunjika vipande vipande, kisha yakagandishwa upya kwa madini meupe ya kalsaiti. Hukuinua hata uso. Ulitembea katikati ya njia zaidi ya kilomita mbili, na mimi nyuma yako kwa gia ya kwanza. Kurudi hairuhusiwi. Nafasi ya kukupita haikuwepo, au sikuitafuta.

Chupa yako ya maji ilikuwa mapajani mwangu. Korongo lile lina jina la Morris Titus, mhandisi kijana wa migodi aliyekwenda kutafuta maji humo mwaka 1905 asionekane tena. Nililijua hilo. Sikukwambia, wala honi sikupiga. Nilitaka ugeuke mwenyewe. Mkubwa nilikuwa mimi, najua.

Kuta zilipoachana ghafla na bonde la Death Valley likafunguka jeupe mbele yetu, ulisimama ukaningoja. Ukapanda, ukanywa chupa yote, ukalala. Au ulijifanya.

Makaratasi sasa ninayo. Shangazi amesema harusi ni Jumamosi. Ya lini, hakusema.

Dada yako